Kiti cha Ponsian

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, Natalia, na mume wake Makarius, mwezi wa kumi na moja mwaka 1996. Sehemu kubwa nimeambiwa na wao wenyewe. Sehemu ndogo nimeiona mimi hapa Shanwe, mtaa wa Mpanda, na hiyo ndogo ndiyo inayonifanya niandike. Mimi si mtu wa kukaa na hadithi. Nina watoto watatu na genge la mboga, na nikishaosha vyombo nalala. Lakini nyumbani kwangu kuna dirisha moja nililolifunika pazia mchana na usiku, kila mgeni ananiuliza sababu, na nimechoka kudanganya.

Nianze na Ponsian. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Wao wanaishi Karema, kando ya ziwa, na kutoka kule kuja shule ni mbali, kwa hiyo alikaa kwangu miaka minne akisoma sekondari. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye kelele, na alitumia mkono wa kushoto. Nilimgombeza sana kuhusu huo mkono. Likizo moja alikwenda kijijini Kabungu kusaidia kazi kwenye mashine ya kusaga, mkanda ukamkata kidole cha shahada cha mkono huohuo. Nusu ya kidole ilibaki kwenye pumba. Hakuacha kuutumia mkono ule.

Akichelewa kurudi akakuta nimefunga mlango, hakuwa anabisha kama watu. Alikuja kwenye dirisha la sebuleni, ndilo pekee lenye kioo, akakipiga kwa kiganja kilichofunguliwa. Pa. Pa. Kisha akacheka.

"Mama mdogo, karibisha mgeni!"

"Karibu, mbwa wee," nilimjibu, na kumfungulia.

Alipomaliza shule, mapadre walimtafutia nafasi ya kusomea ufundi wa mashine Ufaransa, mji wa Strasbourg. Alikwenda mwaka 1994. Novemba mwaka uliofuata aliugua mapafu, akalala siku nane, akafa. Maiti haikuletwa. Walimzika hukohuko, katika sehemu ya makaburi ya mapadre na mabruda wa zamani waliowahi kufanya kazi huku kwetu. Barua yao ilisema tusihuzunike mno. Hayuko peke yake, walisema, amelala kati ya watu wanaoijua nchi yake.

Barua ile tuliisoma mara nyingi, na tuliiona ya faraja.

Mwaka mmoja baadaye waumini wa kule walichanga, wakawatumia wazazi tiketi waende kwenye misa ya kumbukumbu. Mama yetu, Bernadetha, alipopata habari alipanda lori kutoka Karema, akafika kwangu, walikokuwa wanasubiri safari, siku mbili kabla hawajaondoka. Alikuwa na mfuko wa rambo. Ndani yake mlikuwa na shati la shule la Ponsian.

"Nyie mnakwenda kwenye misa," alisema. "Sawa. Na mimi nawatuma mkamchukue mtoto."

Katika ukoo wetu, mtu aliyefia mbali hafiki nyumbani mwenyewe. Anafuatwa. Mama aliwapa masharti jikoni kwangu huku namenya viazi, kwa hiyo niliyasikia yote. Waende kaburini wamwite kwa jina. Wachukue udongo kiganja kimoja, waufunge ndani ya shati lake. Natalia ndiye ambebe, na tangu atakapombeba asizungumze na mtu mwingine mpaka Karema, azungumze na mtoto tu. Kila watakapovuka maji, kila njia itakapogeuka, amwambie tuko mahali fulani, twende. Wao wakikaa, na yeye apewe kiti chake, asikikalie mtu mwingine.

"Na njiani msimkaribishe mtu," alimalizia.

"Hata mtu wa kawaida, mama?" Makarius aliuliza.

"Wewe utamjuaje wa kawaida?"

Makarius alicheka. Shemeji yangu ni katekista, mtu wa adabu kupita kiasi. Akila muhogo kando ya barabara anamkaribisha mpaka anayepita na baiskeli. Mama alimtazama kwa muda.

"Ninayemhofia ni wewe," alimwambia, na sote tukacheka.

Siku ya kuondoka Strasbourg ilianza vizuri tu. Misa ilikuwa imepita, kaburini walikuwa wamekwenda, shati lilikuwa limefungwa. Mama mmoja wa parokia aliyewapokea, anaitwa Séverine, aliwapikia mayai, akawakatia mkate, akawajazia chai kwenye chupa. Stesheni, Makarius alimwomba kwa Kiingereza chake cha kuokota awanunulie tiketi tatu badala ya mbili. Séverine aliuliza ya tatu ni ya nani. Makarius alionyesha furushi mikononi mwa Natalia. Yule mama alikwenda kwenye kidirisha akanunua tatu.

Walikuwa wanakwenda Brussels, Ubelgiji, ambako padri mmoja angewapokea awapeleke uwanja wa ndege. Treni ilikuwa moja mpaka mwisho, hakuna kubadili. Séverine aliwaandikia stesheni kubwa kwenye karatasi, moja chini ya nyingine: Metz, Luxembourg, Namur, Brussels. Aliwapandisha, akawakalisha kwenye chumba cha watu sita, akashuka akawapungia mkono mpaka hawakumwona tena.

Chumba kilikuwa chao peke yao. Furushi waliliweka kwenye kiti cha dirishani, kinachotazama mbele. Natalia alikaa akilielekea. Nje kulikuwa na ukungu na mashamba yaliyolimwa yasiyo na mtu hata mmoja. Treni ilipoondoka aliinama akalinong'oneza.

"Tunaondoka, baba. Hii ni treni. Twende."

Ananiambia lilikuwa jepesi kama maandazi mawili. Na ananiambia kwamba asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu barua ya msiba, alisikia njaa.

Metz walipanda watu wengi. Walijaa kwenye ujia, wengine walisimama na mabegi yao, lakini hakuna aliyeingia chumbani kwao. Wanafungua mlango, wanatazama, wanafunga. Natalia alibanwa, akataka kwenda chooni. Hakuona vizuri kumpeleka mtoto chooni. Alimgusa mumewe bega, akamwonyesha furushi, akamwonyesha jicho lake. Lichunge. Makarius aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anamenya yai.

Yanayofuata aliyaeleza Makarius mwenyewe.

Alikuwa na yai mdomoni mlango ulipofunguliwa. Mzee wa Kizungu alisimama pale. Mzee sana. Koti jeusi refu, lililochakaa mabegani. Hana begi. Hana kofia. Hakuingia. Alisimama tu kizingitini akitazama kile chakula, jinsi mgeni wa kwetu anavyosimama mpaka aambiwe.

Makarius anasema hakufikiri. Mtu hafikiri jambo kama hilo. Umelelewa miaka hamsini hivyo, unakula, mzee amesimama mbele yako, mdomo unasema wenyewe.

"Karibu."

Alisema kwa Kiswahili, yai likiwa mdomoni.

"Ahsante," mzee alijibu. "Nimekaribia."

Kwa Kiswahili.

Akaingia. Viti vilivyobaki vitupu vilikuwa vitatu. Alivipita vyote. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaliinua furushi kwa mikono miwili, akakaa, akalipakata.

Natalia aliporudi aliwakuta hivyo. Alisimama mlangoni. Hakuweza kupiga kelele kwa sababu ya sharti. Alinyoosha kidole.

"Ni mzee," Makarius alinong'ona. "Nimwinueje? Anajua Kiswahili. Labda alikuwa padri kwetu."

Natalia alitikisa kichwa. Alitikisa tena, kwa nguvu. Machozi yalianza kumtoka.

"Akifika stesheni yake atashuka, mama Ponsian. Kaa. Watu wanatutazama."

Alikaa. Sasa magoti yake na ya mzee yalikuwa karibu kugusana. Alitazama chini, asimtazame usoni. Akaona viatu. Vilikuwa na udongo. Wa njano, wenye vijiwe vyeupe, ungali mbichi. Aliujua. Ndio aliouchota jana yake kwa kiganja chake mwenyewe.

Mzee alizungumza mara moja tu.

"Maji yamerudi bomani?"

"Maji yapi, baba?" Makarius aliuliza.

"Ya ziwa. Yalitukimbia."

Kisha akageukia dirishani.

Mkaguzi wa tiketi alifika. Makarius alitoa zote tatu. Mkaguzi aliwatazama, mmoja, wa pili, wa tatu. Alitoboa tiketi ya kwanza, akashukuru. Ya pili, akashukuru. Ya tatu alimtazama mzee, akatoboa, akashukuru. Watu watatu, tiketi tatu. Hesabu ilitimia. Akatoka.

Luxembourg treni ilisimama muda mrefu. Wengi walishuka na ujia ukawa mtupu. Pale kichwa cha treni kinatolewa upande huu, kinafungwa upande wa pili. Wao hawakujua hilo. Walishtuka tu behewa linavutwa kwa nyuma, kama vile wanarudishwa walikotoka. Natalia aliyekuwa akienda kinyumenyume sasa akawa anakwenda mbele. Njia ilikuwa imegeuka. Alitakiwa kumwambia mtoto. Ilikuwa lazima amwambie. Lakini mtoto alikuwa kwenye mapaja ya mtu.

Alifumba macho akaanza rozari.

Alipoyafumbua kiti kilikuwa kitupu. Furushi lilikuwa juu yake, limekaa vizuri. Makarius alikuwa amesimama dirishani, paji la uso limegusa kioo. Natalia alimvuta shati. Alimuuliza kwa macho.

"Ameshuka," Makarius alisema. Hakugeuka. "Ameshuka, mama Ponsian. Tuendelee."

Natalia aliliinua furushi. Lilikuwa zito kama ndoo ya mchanga wa mvua. Na masikini dada yangu, alifurahi. Alidhani mtoto amekubali kuja.

Walifika Mpanda siku ya tisa, kwa treni ya kutoka Tabora. Nilikwenda stesheni kuwapokea. Mvua zilikuwa zimeanza. Natalia alishuka na lile shati kifuani, amelikumbatia kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo imemtoka. Hakunisalimia. Nilijua sababu, lakini sitasema haikuniuma. Makarius alinipa mkono bila kunitazama. Alikuwa amekonda kuliko alivyoondoka, na hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Shemeji, Ulaya wamekunyima chakula?" nilimtania.

"Chakula kipo," alijibu, akatangulia.

Mchana nilipika wali wa mchele wa Mpimbwe na samaki, migebuka. Niliweka viti vinne mezani, kimoja cha furushi. Nikampakulia Ponsian sahani yake, nikaweka kijiko upande wa kushoto. Miaka minne nilimkataza mkono huo. Siku hiyo nilimwachia.

Tulikula. Watoto wangu niliwapa chakula chao uani. Niliporudi kutoa vyombo, kijiko cha Ponsian kilikuwa upande wa kulia. Sikukigusa mimi. Natalia alikuwa amelala chumbani, Makarius alikuwa uani ananawa. Na juu ya wali, katikati, palikuwa na mistari miwili iliyokatana, imechorwa kwa kitu chembamba. Msalaba. Kama padri anavyobariki chakula.

Nilisimama na ile sahani. Kisha nikawapa kuku, kwa sababu wali ni wali. Kuku hawakuusogelea.

Kesho yake tulipanda lori kwenda Karema, sote watatu na furushi. Watoto niliwaacha kwa jirani. Njia ilikuwa tope tupu na tulifika kesho yake tena, kama saa nne asubuhi. Mama alikuwa ametandika mkeka mbele ya nyumba. Shimo dogo lilikuwa limeshachimbwa kando ya kaburi la baba yetu. Natalia alipiga magoti, akampa.

Mama alilipokea furushi, mikono ikashuka nalo. Alilipakata. Aliliinamia kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto mchanga.

"Natalia," alisema polepole. "Huyu ni nani?"

Aliliinamia tena.

"Mjukuu wangu ananukia grisi na sabuni ya kipande. Huyu ananukia tumbaku na mishumaa. Nawauliza. Mmeniletea nani?"

Hapo Natalia alifungua mdomo. Siku kumi na moja hakuwa amesema na mtu. Sauti ilitoka kama ya mgonjwa. Alieleza yule mzee, viatu, udongo. Mama alimgeukia Makarius.

"Ulimkaribisha?"

"Nilikuwa nakula, mama."

"Ulimkaribisha?"

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

Makarius alirudia yale maneno kuhusu maji na boma. Nilimwona mama anatulia, kama mtu aliyeshikwa mkono gizani. Bibi yake alimsimulia kwamba Wazungu wa kwanza walipojenga boma pale Karema, mawimbi yalikuwa yanapiga ukutani. Baadaye ziwa likarudi nyuma, likawaacha na matope. Huyo bibi mwenyewe aliyasikia kwa wakubwa. Yalikuwa yametokea kabla hajaota meno.

"Na mtoto?" mama aliuliza. "Mtoto wenu alikwenda wapi?"

Makarius alianza kulia. Sijawahi kumwona mwanamume mzima analia vile, bila sauti, kamasi zinashuka. Alikuwa amekaa na jambo moyoni siku kumi na moja, sasa akalitoa.

Pale Luxembourg, behewa lilipoanza kuvutwa nyuma, Natalia akiwa amefumba macho, yule mzee aliinama juu ya furushi. Alilinong'oneza, kwa upole, kwa Kiswahili. Makarius alisikia.

"Shuka, mwanangu. Tumefika."

Kisha kitu kilipiga kioo kwa nje. Pa. Pa.

Makarius alisimama kutazama. Ponsian alikuwa chini, pembeni ya treni. Amevaa shati la shule. Kule kwenye baridi ile, shati la mikono mifupi. Alikuwa anatembea sambamba na dirisha, kiganja cha kushoto kimeshika kioo, kidole kimoja nusu. Alikuwa anacheka, anadhani ni mzaha. Treni ikaongeza mwendo. Akaanza kukimbia. Akaacha kucheka. Mdomo wake ulikuwa unaita baba.

"Na wewe ulifanya nini?" Natalia alimuuliza.

"Sikufanya kitu."

"Ulisema ameshuka."

"Nilisema ameshuka."

Natalia hakumpiga. Hakupiga yowe. Alitazama njia tuliyokuja nayo, akatazama ziwa, kama mtu anayepima. Kisha akauliza swali lililonichoma kuliko kilio.

"Mama, kwa miguu atafika?"

Mama alikuwa bado amelipakata furushi. Hakuwa na mahali pa kuliweka.

"Anajua mnakotoka," alisema. "Atakuja. Lakini akifika atakuta kiti chake kimekaliwa."

"Tumwondoe huyu."

"Nimwondoeje? Hakuiba. Alikaribishwa, akakaa. Nani kati yenu atamrudisha Ulaya? Kwa nauli ipi?"

Makarius alisema siku Ponsian atakapokuja, tutamkaribisha kwa mikono yote, tutampa kiti kingine. Mama alimkatiza kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla wala baada.

"Usithubutu. Kiti kingine ni cha nani? Mfu hana viti viwili. Mkimkaribisha sasa ndani ya nyumba, atakaa mahali pa mtu aliye hai. Wa kwanza atakayemwona amekaa, ndiye atakayempisha. Mmenisikia nyie wote? Akibisha, kaeni kimya. Apite."

"Apite aende wapi?" Natalia aliuliza.



Tulilizika lile furushi mchana huohuo, kwa kuwa hatukujua la kufanya nalo lingine. Natalia hakuja kaburini. Makarius aliacha ukatekista kabla ya Krismasi. Wanaishi nyumba moja mpaka leo, Natalia anapika, anakula, anafua nguo za mume wake, lakini kwa miaka hii yote sijasikia akimwita kwa jina. Kaburi lile dogo linakutwa limefagiwa kila Jumapili asubuhi. Hakuna anayelifagia. Aliyelala humo, kwa tunavyoona, ametulia kabisa.

Natalia hakurudi tena Shanwe. Kila anayekuja Mpanda anampa ujumbe uleule aniletee. Ponsian akifika kwako, niambie. Nami namrudishia jibu lilelile. Bado.

Nilidhani ni jibu rahisi. Wakati ule lilikuwa pia jibu la kweli.

Ilikuwa Agosti 1999, siku ya treni, saa tisa mchana. Jua kali, vumbi. Watoto wakubwa walikuwa shule. Mtoto wangu wa mwisho, Mercy, wa miaka sita, alikuwa na homa, nimemlaza kwenye kochi la sebuleni. Nilikuwa nachambua mchicha sakafuni. Treni ilikuwa imepiga honi, labda nusu saa imepita.

Pa.

Mikono yangu ilisimama.

Pa.

Kwenye kioo. Kiganja kilichofunguliwa. Nilisubiri kicheko. Ningekisikia kicheko labda nisingeogopa. Hakikuja. Kulikuwa na pumzi tu, nzito, ya mtu aliyetembea sana. Miaka mitatu. Sikuwa najua kutoka Luxembourg mpaka Shanwe kwa miguu ni muda gani. Sasa najua.

Sikuinua macho. Nilitazama mchicha. Nilijua nikiinua macho nitamwona, na nikimwona nitasema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Miaka minne nililisema kwenye dirisha lilelile, kwa mtoto yuleyule, huku nikimtukana. Nilimfulia nguo mtoto yule. Nilimfunga kile kidole alipokatwa. Sijawahi kumfungia mlango mpaka asubuhi hata siku moja.

Mercy alijiinua kwenye kochi. Nilikuwa nimemfundisha adabu mwenyewe. Mtu akibisha, mkubwa akiwa kimya, mtoto anaitikia.

"Kari—"

Nilimrukia. Nilimziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, na mkono wenye maji ya mchicha. Alikuwa wa moto kwa homa. Alinitazama kwa macho makubwa. Nilimbana kifuani, uso wake upande wangu, nikafumba macho yangu.

Pa, ilisema. Polepole. Mara moja.

Nilisikia kitu kinaburuzika ukutani kwa nje, kuelekea pembeni ya nyumba, kama mtu anayetembea ameshika ukuta. Kisha barabarani. Kisha hakuna. Alikuwa amepita. Na barabara ile, ukiifuata, inakwenda Karema, kwenye kiti kilichokaliwa.

Mercy alipona siku mbili baadaye. Sijamwambia mtu. Wiki hiyohiyo alikuja jamaa wa Karema kuuza dagaa, akaniletea ujumbe wa dada yangu. Ponsian akifika kwako, niambie.

"Mwambie bado," nilisema.

Kwenye kioo kulibaki alama ya mkono katika vumbi. Wa kushoto. Vidole vinne na nusu. Nilitoka na kitambaa cha maji nikaufuta kwa nje. Haukutoka. Niliingia nikaufuta kwa ndani. Haukutoka. Nilitumia sabuni, majivu, wembe. Fundi aliniambia ni kasoro ya kioo, nimpe pesa kidogo abadilishe. Sikumpa. Sijui kwa nini. Nilishona pazia.

Siku nyingine zote ni mkono tu, unauzoea. Lakini siku za treni, saa tisa, jua likiwa limewaka na bati linalia kwa joto, nikifunua pazia nakuta kioo kimepata ukungu wa pumzi. Duara dogo, usawa wa uso wa kijana mrefu. Upande wa nje. Linakua, linapungua. Linakua, linapungua.

Nalishusha pazia, naendelea na kazi.